Mwaka Tuliomfukuza Mwenye Mvua

Enzi zetu, huko juu kwenye milima ya Masisi, mvua ilikuwa na mwenyewe. Alikuwa na nyumba, alikuwa na kofia ya manyoya iliyotoboka, na alikuwa anapatikana. Aliitwa Mzee Bigembe. Ukimtaka ulipita nyuma ya shule, ukapanda kidogo, ukamkuta ameketi mlangoni kwake akingoja mtu amletee kitu. Leo watoto wakitaka habari za mvua wanauliza simu. Juzi mtoto wangu wa mwisho aliingia nyumbani maji yakimtiririka hadi ndani ya viatu, akaketi, akafungua simu yake, akatutangazia kwamba leo hakutanyesha. Sikubishana naye. Nilimpa kitambaa ajifute.

Ninyi wa rika langu mnaikumbuka baridi ile ya zamani. Ukungu ulikuwa unaingia nyumbani asubuhi kama mgeni aliyealikwa, unakaa hadi saa nne. Mnakumbuka tulivyokwenda shule miguu mitupu, na tukiona ng'ombe ameangusha kinyesi kinachofuka moshi tunakimbilia kukikanyaga ili vidole vipate joto. Wenye nguvu walitangulia. Mimi nilikuwa mdogo, nilipata kilichokwisha kupoa. Msijifanye hamjui ninachosema. Wengine wenu leo ni washauri wa parokia, na mlikanyaga vilevile.

Tukirudi tulikuta viazi vya moto chunguni na mashanza, yale maziwa yaliyoganda kwenye kibuyu, yenye uchachu wa kukunja uso. Watoto wa leo wanakunywa maziwa ya unga kutoka kwenye kopo lenye picha ya ng'ombe, na dirishani ng'ombe mwenyewe anawachungulia. Mvua ya mawe ikipiga, tulitoka mbio na sahani kuokota barafu, tukaila na sukari kama sukari ipo, bila sukari kama haipo. Mama alibaki mlangoni akililia maharagwe yake. Hatukuelewa analia nini, maana sisi tulikuwa tumeletewa peremende kutoka mbinguni.

Na kila kitu kilikuwa na mwezi wake. Mwezi wa tisa shule ilifunguliwa na mvua ikaanza. Mwalimu na mvua walirudi wiki moja, nasi tulimfurahia mmoja tu kati yao. Wanawake walishika majembe bila kuuliza mtu. Papa, baba yangu, alikuwa akisema mvua ya mwezi wa tisa ni bwana harusi: anaweza kuchelewa siku mbili kwa kuringa, lakini harusi ni yake, atakuja tu.

Papa alikuwa mfugaji. Alikuwa na ng'ombe kumi na wawili na watoto saba, na majina aliyochanganya ni ya watoto. Alikuwa pia mzee wa kanisa. Jumapili alisimama mbele ya waumini akaomba mvua kwa sauti nene, na Jumatatu asubuhi alinituma na kibuyu cha maziwa kwa Mzee Bigembe. Mama alipomwuliza kama hiyo si dhambi, alimjibu bila kugeuka, "Mungu iko na kazi mingi. Bigembe haina kazi."

Kazi ya Bigembe ilikuwa hivi. Mwenye harusi alimletea kuku ili Jumamosi iwe kavu. Mchoma matofali alimletea mtungi wa kasiksi, pombe yetu ya ndizi, ili juma zima liwe kavu. Wanawake wa maharagwe nao walimletea mbaazi na unga ili inyeshe. Yeye alipokea vyote kwa mikono miwili, akafunga fundo la majani kwenye fito za paa lake, fundo moja kwa kila aliyeleta, akapuliza pembe yake ya swala kuelekea upande wowote ule. Kama Jumamosi ilinyesha, aliwaambia watu wa harusi kwamba wenye maharagwe walikuwa wengi mno. Kama kulikauka, aliwaambia wanawake kwamba unga wao ulikuwa na mchanga. Kwa jinsi hiyo hakuwahi kukosea, na hakuna aliyemchukia, kwa sababu kila mtu kwenye mlima ule alikuwa amewahi kushinda angalau mara moja.

Halafu ukaja mwaka ambao bwana harusi hakutokea. Shule ilifunguliwa, mwalimu alirudi na fimbo yake mpya, na mbingu ikabaki buluu. Wanawake walipanda kwenye vumbi kwa imani. Maharagwe machache yalichomoza, yakatazama huku na huku, yakajuta. Mwezi wa tisa ukaisha. Mwezi wa kumi ukafika katikati. Maziwa yakapungua hadi Papa akaanza kuwaita ng'ombe wake kwa majina yasiyo yao. Nyumbani kwa Bigembe mafundo ya majani yalijaa paa zima, na kuku walikuwa wengi kuliko sisi watoto wa shule.

Mimi nilikuwa na umri wa miaka tisa, na kaka yangu Safari alikuwa na kumi na mmoja. Kazi yetu baada ya shule ilikuwa kuchunga ndama. Siku moja alasiri tuliwaacha ndama wajichunge, sisi tukaenda kuteleza mteremkoni tumekalia jerikani iliyopasuliwa. Mteremko ule unaishia nyuma ya nyumba ya Bigembe. Tulipofika chini tulimwona amechimba shimo, anapanga majani ya mgomba ndani yake, anaimba kwa sauti ya chini. Kwenye tundu la pembeni alikuwa akipeperushia moshi uingie. Akafunika kwa majani, akafunika kwa udongo, akakanyagakanyaga, akatazama kushoto na kulia kama mtu anayeficha jambo. Tuliondoka kwa kutambaa.

Tuliporudi, ndama walikuwa wamemaliza mistari yote ya maharagwe ya Mama, yale machache yaliyokuwa yamevumilia jua. Papa alikuwa amesimama kando ya shamba na fimbo mkononi. Safari alianza kulia kabla ya kuguswa, ilikuwa ni mbinu yake. Mimi nililia kidogo, nikaona haitoshi, nikasema, "Papa, tulikuwa tunachunguza Muzee Bigembe. Anazika kintu. Iko natoka moshi."

Fimbo ilisimama hewani. Papa aliuliza ni kitu gani. Sikujua ni kitu gani, lakini fimbo ilikuwa bado juu, kwa hiyo nilijua lazima kiwe kikubwa. Nikasema kilikuwa cheupe. Nikasema Mzee alikuwa anazungumza nacho. Safari akaacha kulia, akaongeza kwamba kilikuwa kinanguruma kidogo chini ya udongo, kama radi ya mbali. Nilimwonea wivu kwa hilo la radi. Papa aliishusha fimbo, akachukua koti lake.

Habari ilizunguka siku nne, kisha mlima mzima ulipanda kwenda kwa Bigembe. Wanaume walikuwa na majembe. Wanawake walikuwa na watoto mgongoni. Sisi mashahidi tuliwekwa mbele, na sijawahi tena maishani mwangu kuwa mtu muhimu kiasi kile. Walimwambia aonyeshe mahali alipoizika mvua. Mzee alitoka nje, akavua kofia yake, akatazama majembe.

"Chimbeni tu," alisema. "Mukikuta mvua, munibakishie kiloko. Niko na maharagi mimi pia."

Walichimba. Chini ya udongo kulikuwa na majani, na chini ya majani kulikuwa na ndizi. Mikungu sita ya ndizi za pombe aliyoletewa na watu wa harusi kutoka mabondeni, ambako migomba hustawi. Alikuwa anaziivisha kwa moshi ili akamue kasiksi yake, na alijificha kwa sababu majirani wakijua mzee ana mtungi, kila mmoja huja na kikombe chake. Sisi watoto wa malishoni hatukuwahi kuona shimo la kuivishia ndizi. Nilitazama zile ndizi za manjano zikifuka moshi. Nilingoja watu wacheke, halafu Papa anigeukie.

Hakuna aliyecheka. Mama mmoja alisema mvua lazima iko chini ya ndizi, wachimbe zaidi. Wakachimba hadi kwenye jiwe. Kisha wakamwambia Mzee Bigembe atoke kwenye mlima wetu hadi mvua irudi. Ndizi walizigawana. Sisi mashahidi tulipewa kichane kizima, tukala njiani, na nisiwadanganye, zilikuwa tamu.

Mzee aliondoka asubuhi iliyofuata kwenda Pinga, huko chini Walikale, alikoolewa binti yake. Ni mbali kwa miguu. Alipita kwetu na mkeka na jembe lake begani, akasimama kwenye zizi akaomba cha kunywa. Mama alinipa kikombe cha mashanza nimpelekee. Alikunywa polepole hadi mwisho, akajifuta ndevu, akanirudishia kikombe.

"Aksanti, mutoto wangu," alisema. "Siku ingine chunga ndama yenu muzuri."

Ndipo nilipojua kwamba alituona siku ile. Nilibaki na kikombe mkononi, uso ukiwa wa moto, hadi alipopotea kwenye kona. Ningeweza kumkimbilia. Ningeweza kumwambia Papa jioni ile ile kwamba sikuona kitu cheupe chochote. Nilifikiria fimbo, nikanyamaza.

Baada ya siku tatu mvua ilinyesha.

Ilinyesha hasa, mvua ya kushuka na mawe ya mlimani. Watu walitoka nje wakiwa wameinua mikono, Papa akaanza wimbo wa kanisa, na kila aliyepita alisema, munaona? Wangebishaje? Mzee alikuwepo, hakukunyesha. Mzee hayupo, kunanyesha. Hata mimi niliamini. Kwa miaka mingi nilidhani nilisema kweli bila kujua, kwamba labda chini kabisa ya ndizi zile palikuwa na kitu cheupe ambacho Mungu alinionyesha kwa njia ya kuogopa fimbo. Mvua iliendelea kuja kila mwezi wa tisa, mwaka baada ya mwaka, na kila ilipokuja watu walisema tulifanya vizuri.

Nilikua. Nikasoma, nikawa mwalimu kwenye shule ile ile, na mimi pia nikanunua fimbo, ingawa siku hizi ukimgusa mtoto anakupiga picha. Vita vilikuja vikapita, vikarudi, vikazoea. Ng'ombe wa Papa waliliwa na watu wenye bunduki wa kila aina, akaanza upya, wakaliwa tena. Sasa ana watatu na miaka themanini na kitu, na majina yetu ameacha kabisa kuyajaribu. Na mvua nayo ikaanza kutuchezea. Mara inakuja mwezi wa nane, watu wanapanda, inaondoka. Mara inarudi yote siku moja, inashuka na nusu ya kilima na nyumba zilizo chini yake. Ukungu unaondoka saa moja kama mtu mwenye haraka. Mbu, ambao enzi zetu walikuwa habari za watu wa Walikale, siku hizi wamehamia kwetu juu na wanaishi vizuri.

Mwaka huu mwezi wa tisa ulipita mkavu, na mwezi wa kumi ukaanza vibaya. Katika ukame huo huo lilikuja shirika. Kijana wa Goma mwenye gile, kile kizibao cha mifuko kumi na miwili, alituita kwenye ukumbi wa kanisa kutufundisha mabadiliko ya tabia nchi. Ukumbi ulijaa, kwa sababu kulikuwa na soda. Kijana alieleza vizuri, siwezi kumsingizia. Alisema dunia ni nyumba isiyo na dirisha, na sisi tumewasha mbabula, jiko la mkaa, ndani. Kila moshi na kila hewa chafu inayopanda inabaki humo humo, inaongezeka kila mwaka, na joto linakosa pa kutokea. Akaongeza kwamba hata ng'ombe, akicheua, anatoa gesi yake.

Papa, aliyekuwa kiti cha mbele na soda yake ya pili, aliinua fimbo yake ya kutembelea. "Ng'ombe yangu?"

"Ng'ombe yote, Papa."

"Ya kwangu iko tatu," Papa alisema. "Na moja iko mugonjwa."

Kisha kila mtu akatoa elimu yake. Vijana walisema ni ule mnara wa simu unaofukuza mawingu, wakasema hivyo wakiwa wameshika simu. Mama mmoja wa kwaya alisema ni suruali za wasichana. Mwingine alisema tumepasua tumbo la dunia kwa kuchimba madini Bisie na Omate, na hewa ya ndani imetoka yote. Kijana wa shirika aliandika kila neno kwenye daftari lake kwa heshima. Mwishowe mtu akauliza swali la maana: moshi huo ni wa nani hasa? Kijana akahesabu kwa vidole. Viwanda vya nchi tajiri. Magari. Ndege. Misitu inayochomwa. Akafika kidole cha mwisho, akasema, "Na makala, kiloko."

Hapo ndipo aliponiharibia mambo. Kwenye mlima wetu hakuna kiwanda. Ndege tunaziona zikipita juu. Lakini makala, yaani mkaa, yana mtu. Anaitwa Mama Sifa, mjane aliyekimbia vita na watoto watatu, amejenga hema ya shitingi, turubai la plastiki, pembezoni mwa shamba la mikaratusi na anachoma matawi yaliyoanguka. Viwanda vyote vya dunia vilikuwa vimetajwa mle ukumbini, na nikaona vichwa vinageuka vyote upande wa dirisha linalotazama moshi wake.

Jumapili baada ya misa walikuwa tayari. Walipanda karibu arobaini, na mbele yao alikuwa kaka yangu Safari, ambaye siku hizi ni mkuu wa nyumba kumi, mnene, mwenye muhuri wake mwenyewe. Nilifuata kwa sababu Papa alitaka kuona na mimi ndiye ninayemshika mkono. Mama Sifa alikuwa anafukua tanuru lake, majivu hadi kwenye nyusi. Watoto wake walisimama nyuma yake kwa kufuatana na urefu.

Safari alikohoa kiserikali. "Mama, batu banasema moshi yako ndiyo inafunga mvua. Hatukufukuze. Utoke tu juma moja ao mbili, tuone kama itanyesha."

"Niende wapi?"

"Kule ulitoka."

"Kule nilitoka kuko vita, Papa Safari."

"Juma moja tu," alisema Safari. "Ni ya kuyaribu."

Mama Sifa aliegemea koleo lake akatutazama, akatuzungushia macho wote arobaini. "Kama miye niko na nguvu ya kufunga mvua," alisema, "je, ningelala chini ya shitingi yenye kuvuya?"

Mtu mmoja alicheka, akajizuia. Papa Kambale, mwenye duka, mtu wa Butembo ambaye lori lake hubeba makala yale yale hadi Goma, alisema kwa upole kwamba yeye haoni kosa la huyu mama. Wakamwambia anyamaze, anatetea lori. Ilikuwa kweli anatetea lori. Na sote tuliokuwa pale tulikuwa tumepika chai ya asubuhi kwa makala ya Mama Sifa, mimi wa kwanza. Safari alipiga hatua moja kuelekea hema, na mtoto mdogo zaidi akashika sketi ya mama yake. Nikajua kwamba nikinyamaza sasa, mvua itanyesha siku yoyote ile, leo au baada ya mwezi, na itakuwa ushahidi.

Kwa hiyo nikasema. Nilisema mbele ya wote kwamba mwaka ule wa Mzee Bigembe mimi sikuona kitu cheupe. Nilisema nilimwona mzee anaficha ndizi zake, basi, na kwamba nilidanganya kwa sababu ndama walikuwa wamekula maharagwe na Papa alikuwa na fimbo. Nilisema na radi ile haikuwepo, Safari aliitunga.

"Furaha, nyamaza," alisema Safari. Masikio yake yalikuwa yamebadilika rangi. Mkuu wa nyumba kumi alikuwa amerudi kuwa mtoto wa miaka kumi na mmoja.

"Haikuwepo, Safari."

Nilimgeukia Papa, nikiwa bado nimemshika mkono, nikamwomba msamaha. Mwanamke wa miaka hamsini na zaidi, mwalimu, ninaomba kama mtoto wa miaka tisa. Papa alinitazama kwa mshangao wa kweli.

"Unaomba musamaha ya nini? Batu bote balijua ni shimo ya ndizi. Miye mwenyewe nilijua tangu uliposema moshi. Unazani tulikuwa bayinga?"

"Sasa mulimufukuzia nini, Papa?"

Alifikiri. "Mvua ilikuwa imekatala," alisema. "Na yeye alikuwa karibu."

Kisha akaomba arudishwe nyumbani, miguu inamuuma. Watu walianza kutazama viatu vyao. Wazee waliokuwepo mwaka ule, wachache waliobaki, hawakumkanusha hata mmoja. Safari alivuta koti lake, akasema suala hili litaangaliwa, na kwa jinsi serikali yetu inavyoangalia mambo nilielewa kwamba limekwisha. Walishuka mmoja mmoja. Mama Sifa alirudi kwenye tanuru lake, kwa sababu makala hayangoji, na yule mdogo aliendelea kushika sketi hadi tulipoondoka.

Alhamisi ilinyesha. Moshi wa Mama Sifa ulikuwa unapanda kama kawaida, na mvua ikashuka ikapishana nao. Mara hii mvua ilirudi kwenye mlima wetu bila mtu kufukuzwa, na nawaambieni, watu hawakujua waishangilieje. Kijana wa shirika naye alinyeshewa barabarani na gile yake yote.

Lakini maneno ya Papa hayakuniacha nilale. Kama wao walijua, na mimi nilijua, basi ni Mzee Bigembe peke yake ambaye hakuwahi kuambiwa kwamba tulijua hana kosa. Baada ya majuma mawili nilichukua pikipiki kwenda Pinga. Njia ile wenyewe mnaijua, nusu unapanda pikipiki na nusu inakupanda wewe. Nilifika nikiwa rangi ya udongo. Nilijua Mzee Bigembe alikwisha kufa zamani, tulisikia habari hizo nikiwa bado sekondari. Nilimtafuta binti yake, Mama Zawadi, nikamkuta anaanika mpunga, mwanamke mzima mwenye kichwa cheupe. Nilimwambia mimi ni nani. Nilimwambia yote, ndama, fimbo, kitu cheupe. Alinisikiliza huku akigeuza mpunga kwa mguu.

Nilimwuliza kama baba yake alituchukia.

"Hapana," alisema. "Alikuwa anabangojea."

Akanieleza kwamba kila mwaka, mwezi wa tisa ukifika, mzee alikunja mkeka wake, akaufunga pamoja na jembe, akaviweka karibu na mlango. Hakulima kitu mwezi huo. Aliwaambia wajukuu kwamba mwaka huu huko Masisi mvua itakataa tena, na yeye hayuko, kwa hiyo watu wataona kwamba hakuwa yeye aliyeifunga. Watamtuma mtu kumwita. Kisha alikaa kwenye kibaraza akiuliza kila mpita njia aliyetoka kwetu juu: kule kunanyesha? Nao walimjibu kweli. Ndiyo, Muzee, inanyesha vizuri, maharagwe yamesimama. Akashukuru, akangoja siku chache zaidi, akaufungua mkeka.

Enzi zetu, tunapenda kusema, mvua ilikuwa na heshima, ilikuja mwezi wake. Mimi pia husema hivyo, nimesema hivyo hapa. Sasa inakosa karibu kila mwaka, na mtu yeyote kwenye mlima angeweza kuona kwamba hakuwa yeye. Lakini Mzee Bigembe aliishi Pinga miaka saba, na katika miaka hiyo saba mwezi wa tisa haukuwahi kukosa mvua hata mara moja.